Pikapu Iliyoingia Jikoni kwa Mama Mkwe

Kwa miaka ishirini na saba Dalmas Ong'ayo aligawa spana katika stoo ya kiwanda kimoja cha sukari, na mtu akigawa spana muda wote huo huanza kuamini kwamba zimemfundisha kazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kufungua nati hata moja. Alichokuwa akifungua ni daftari. Fundi anakuja dirishani, anasema "nipe namba kumi na tatu," Dalmas anaandika, fundi anatia sahihi, basi. Lakini siku aliyostaafu na kuhamia Migosi, mtaa mmoja wa Kisumu, kwenye ploti ya nyumba sita zinazotazamana kama watu waliokosana, alishuka na sanduku la vyuma, ovaroli ya buluu isiyo na doa hata moja, na kalamu mbili mfukoni. Wapangaji wakamtazama, wakamwita Injinia. Walikuwa wanamdhihaki. Yeye akaitika.

Ploti nzima ilikuwa na gari moja tu, pikapu ya mkewe Dorca. Kitabu cha gari kilisema ni ya kijani, nasi tutaheshimu maandishi ya serikali. Kwa umri, ingeweza kugombea ubunge na kushinda. Nyuma yake, kwa herufi za manjano, mwenyewe wa zamani alikuwa ameandika SIMAMA IMARA. Dorca aliitumia kuleta samaki kutoka Usenge: ngege na mbuta juu ya barafu, barafu ikiyeyuka njiani, maji ya samaki yakipenya kwenye matundu ya sakafu na kudondokea paipu za breki zilizopita chini yake. Mara mbili kwa wiki, miaka sita. Chuma ni chuma, lakini hakuna chuma kilichoumbwa kuoga supu.

Dorca ndiye aliyegundua kwanza.

"Baba Sydney," alimwambia, maana kifungua mimba wao aliitwa Sydney na sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake Nakuru, "hii pedali imekuwa laini. Nikikanyaga ni kama nakanyaga ugali ya mgonjwa."

Dalmas aliweka kikombe cha chai chini taratibu, kama daktari anayejiandaa kumpa mtu habari.

"Mama Sydney, breki ina lugha yake. Si kila mtu anaielewa."

Akatoka, akafungua boneti, akaongeza oili ya breki kwenye kichupa chake, akaifunga boneti kwa kishindo cha mtu aliyemaliza kazi. Mwezi uliofuata Dorca akasema tena. Akapewa jibu lile lile na kishindo kile kile. Mara ya tatu hakumaliza hata sentensi, alifika kwenye "pedali," Dalmas akawa tayari ameshafika kwenye "lugha yake."

Basi ikaja Jumamosi ya Pap Onditi.

Huko ndiko kwa kina Dorca, na siku hiyo walialikwa kumshukuru Mungu kwa sababu mama yake, Bibi Adongo, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na sasa anaona vizuri. Hapa ni lazima tusimame kidogo, kwa kuwa ni sisi peke yetu tuliokuwa na uwezo huo siku ile. Kwa Wajaluo, mkwe na mama mkwe wake, ambaye humwita maro, huheshimiana kwa mbali. Mkwe huketi alipoonyeshwa, hula alicholetewa, huongea kwa sauti ya kanisani. Mwezini watu wameshafika. Jikoni kwa maro, mkwe hafiki.

Njia ya kuingia bomani kwa Bibi Adongo huteremka polepole, na mwisho wa mteremko lango, na ukipita lango ukanyooka, jiko. Dalmas aliwaona wageni wameketi chini ya hema. Akaona ni nafasi ya kuingia kwa mbwembwe. Akapiga honi ndefu, akaongeza mafuta kidogo, kisha akakanyaga breki.

Pedali ikaenda hadi sakafuni bila ubishi wowote.

"Kanyaga!" Dorca akapiga kelele.

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga ingine!"

"Hakuna ingine!"

Ilikuwepo, ya mkono, lakini kazi yake kwa miaka sita ilikuwa kuning'iniza koti la Dalmas, na hata siku hiyo ilikuwa kazini. Pikapu ikapita lango, ikapita hema, ikampita mchungaji aliyekuwa katikati ya sala, ambaye alifungua macho kabla ya amina kwa mara ya kwanza katika huduma yake. Ikaupasua ukuta wa udongo, ikaingia jikoni, ikasimama pua ikiwa juu ya mafiga. Kilichoisimamisha ni sufuria ya kuku. Hakuna aliyeumia isipokuwa huyo kuku, naye alikuwa ameshaiva.

Bibi Adongo alikuwa amesimama kando, mwiko mkononi. Vumbi likatulia. Upasuaji wa macho ulikuwa umefaulu sana: alimwona mkwe wake vizuri, kutoka kipara hadi kifungo cha shati.

Na Dalmas, aliyelelewa kwa adabu, akasema neno ambalo mpaka leo watu wa huko Nyakach hulirudia wakitaka kucheka.

"Hodi," akasema.

Wazee waliketi hapo hapo, kwa kuwa viti tayari vilikuwepo. Swali lilikuwa moja: aliyeingia jikoni ni mkwe, au ni gari? Upande mmoja ulisema gari halijaoa, kwa hiyo halina maro. Upande wa pili ukaongozwa na Mzee Mathews, baba mdogo wa Dorca, aliyewahi kuwa karani wa mahakama na akastaafu na sauti ya hakimu.

"Mtu akivuka mpaka wa Busia akiwa juu ya baiskeli," akauliza, "polisi watashika nani? Baiskeli?"

Akainyooshea pikapu kidole.

"Mkwe ameingia."

Hapo Dalmas angenyamaza. Injinia halisi angenyamaza. Lakini yeye alisimama, akavuta shati, akasema, "Wazee, hizo breki nilizikagua mwenyewe kwa mikono yangu hii."

"Asante," Mzee Mathews akasema, kwa furaha ya mtu aliyeokotewa fimbo. "Basi kwa mikono hiyo hiyo utazitengeneza. Jumamosi ijayo urudi. Gari ije na mwendo wake, isimame langoni. Isimame kwa breki zake. Si kwa jiwe, si kwa mti, si kwa maombi. Ikisimama, tunakukaribisha. Isiposimama, siku nyingine usije wewe. Tuma wazee wa kwenu waje tuongee maneno ya Dorca."

Kila mtu alijua maana yake. Wazee wa mume wakitumwa kuongea maneno ya mke ambaye ameshabaki kwao, huwa hawaendi kuzungumzia mvua.

Dalmas alimgeukia mkewe, akingoja acheke, aseme baba mdogo amezoea mzaha. Dorca alikuwa anatoa mkoba wake kwenye gari.

"Mimi nitapanda gari inayosimama," akasema. "Na kuna kitu utaniambia hiyo siku. Unakijua. Kama hukijui, hata hiyo breki ikishika namna gani, mimi niko hapa kwa mama."

Dalmas alirudi Migosi peke yake, kwa gia ya kwanza, koti mapajani na breki ya mkono mkononi. Alitumia saa tano. Karibu na Ahero alipitwa na punda wa kuvuta mapipa ya maji, na anaapa kwamba yule punda aligeuka kumtazama.

*

Jumatatu alikwenda kwa Ndegwa.

Ndegwa alikuwa jirani wa mlango wa mbele kwake, mtu wa Nyeri, mwembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, na alikuwa na kibanda cha vipuri mjini. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi Kisumu, na Dholuo chake chote, Kijaluo cha wenyeji, kilikuwa "ber," yaani nzuri, neno ambalo kwa biashara linatosha.

"Injinia," Ndegwa akamlaki, "nasikia umeenda kwa mama mkwe ukapitiliza."

"Nani amekuambia?"

"Kuna video. Mchungaji mwenyewe ndiye ameituma."

"Wewe uza paipu, Ndegwa. Mambo ya wakwe huyajui. Nyinyi watu wa viazi kwa wakwe mnaingia tu mpaka kwa friji."

"Na nyinyi watu wa samaki mnaingia na gari." Ndegwa alikuwa tayari anakunjua paipu mpya ya shaba iliyoviringwa kama nyoka aliyelala. "Kwani ni nani anakutengenezea?"

"Mikono hii."

Ndegwa aliitazama ile mikono. Ilikuwa laini, na kwenye kidole cha kati palikuwa na sugu ya kalamu. Alimwonea huruma, akamwazima na kile kifaa cha kupanua mdomo wa paipu uwe kama tarumbeta, ili nati iubane usivuje.

Tuseme ukweli, kwa siku tatu Dalmas alifanya kazi. Aliinua pikapu kwa jeki, akaiegemeza juu ya magogo, akajilaza kwenye gunia. Paipu za zamani zilimkatikia mkononi kama biskuti. Alipima, akakata, akakunja shaba kwa kuizungushia chupa ya soda isije ikajipinda vibaya. Jumanne alimaliza paipu nne, midomo yote imepanuliwa vizuri sana, akaziita kwa majina, akazipiga picha. Ndipo akaona zile nati kwenye bakuli. Nati huingizwa kwenye paipu kabla ya kupanua mdomo. Ukishapanua, haiingii, hata ukiisomea Zaburi. Akakata tena. Ovaroli ikapata doa la kwanza, la pili, kisha ikaacha kuhesabika. Usiku alikula mkate mkavu akitazama kiti cha Dorca, akijiuliza ni kitu gani hicho anachotakiwa kukisema. "Samahani" alishakisema kwa simu mara tisa. Akajaribu "nakupenda," simu ikakatwa.

Alhamisi jioni paipu zote zilikuwa mahali pake, zinang'aa kama bangili. Ikabaki kazi ya mwisho, kutoa hewa. Maana hewa ikibaki ndani ya paipu, pedali hubaki laini hata paipu ziwe za dhahabu. Na kazi hiyo huhitaji watu wawili: mmoja ndani akikanyaga pedali, mwingine chini akifungua kiskurubu kilicho kwenye gurudumu ili hewa itoke pamoja na oili. Aliye ndani hukanyaga na kushikilia. Aliye chini anafungua, inatoka, anafunga. Ndipo aliye ndani anaachia. Akiachia kabla hakijafungwa, paipu inavuta hewa tena, na mnarudi mlikotoka.

"Wazee walisema mikono yako," Ndegwa akamkumbusha.

"Mikono yangu, ndiyo. Mguu hawakusema wa nani."

Ijumaa saa tatu asubuhi Ndegwa akaketi kwenye usukani na viatu vyake vya dukani. Dalmas akaingia chini, tumbo likifuata baadaye. Uani palikuwa na mtu mmoja tu mwingine, Mama Apiyo wa nyumba namba tano, anaanika shuka. Mama huyu Jumapili husimama kando ya mchungaji na kutafsiri mahubiri kutoka Kiswahili kwenda Dholuo, na husemekana mara nyingine tafsiri hushinda mahubiri.

"Kanyaga!" Dalmas akasema kutoka chini.

"Nimekanyaga!"

Akafungua. Oili ikatoka na kumpata kwenye jicho. Sasa, mtu mwenye oili jichoni, chini ya gari, huongea lugha aliyonyonya. Dalmas akafunga kiskurubu, akalia: "We!"

Katika Dholuo, "we" ni achia. Acha. Toa mguu.

"Naam?" Ndegwa akaitika.

"We!"

"Niko!"

"We, yawa, jamani! We!"

"Si nasema niko, Baba Sydney! Nikae namna gani ndio ujue niko?"

Na mguu wake, kwa uaminifu wote wa watu wa Nyeri, ukabaki umekanyaga hadi sakafuni. Dalmas akafungua tena. Halikutoka hata tone. Akafungua mara ya tatu, ya nne. Mama Apiyo akaita kutoka kwenye kamba ya nguo, "Baba Sydney, kuna kitu nasikia hapo..."

"Mama," Dalmas akamkata, "breki ina lugha yake. Si kila mtu anaielewa."

"Haya," Mama Apiyo akasema, akaanika shuka nyingine.

Kufika saa nne Dalmas alitambaa akatoka, jicho limekuwa kama nyanya, akatangaza kwamba moyo wa breki, ile pampu inayosukuma oili, umekufa. Ndegwa naye alishuka amenuna.

"Mtu ananiita mara ishirini, na nikiitika ananikasirikia."

"Nani amekuita?"

"Wewe!"

"Mimi sijakuita hata mara moja!"

Wakatazamana. Kila mmoja akaamua kimoyomoyo kwamba mwenzake ana kasoro ya kabila, na kwa heshima ya ujirani hakuna aliyelisema. Wakabadilishana. Ndegwa akaenda chini, Dalmas akapanda juu.

"Lakini wazee walisema..."

"Hizo spana ni zangu," Dalmas akasema. "Mkono ulioshika spana yangu ni mkono wangu. Fungua."

Kule chini Ndegwa alitumbukiza mpira mwembamba kwenye chupa ya oili ili aone mapovu ya hewa yanavyotoka. Alikuwa mtu mwangalifu. Kila mara kabla ya kufungua alihakikisha mwenzake yuko tayari, kama wanavyofanya watu wa kwao.

"We! Shikilia!"

Mguu wa Dalmas ulisikia neno la kwanza, ukatii kabla ya kungoja la pili. Ukaachia. Chupa ikavuta pumzi kama mtu aliyeshtuka.

"We! Shika, bwana!"

Ukaachia.

"We! We! Shikilia!"

Uliachia mara mbili.

Wakaendelea hivyo hadi saa saba mchana. Chupa ilichemka mapovu kama sufuria ya githeri. Oili yote iliyonunuliwa ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka.

"Huo mguu wako hausikii!" Ndegwa akapiga kelele.

"Mguu wangu unafanya kile unasema!"

"Nasema nini?"

"Unajua kile unasema!"

"Injinia, kesho utaingia tena kwa hiyo jikoni, na safari hii utatokea upande wa pili!"

Hapo pakasikika kicheko. Nyuma ya shuka, Mama Apiyo alikuwa ameinama ameshika magoti, machozi yanamtoka.

"Wacheni," akasema, "wacheni, mbavu zangu. Hizi shuka zilikauka saa nne. Nimezilowesha tena ndio nianike nisikie mwisho."

"Nini inachekesha?" Dalmas akauliza.

"Huyu akisema 'we,' anakuita wewe. Wewe ukisema 'we,' unamwambia aachie. Yeye anaitika, wewe unaachia. Nyinyi wanaume wawili mmekaa hapa tangu asubuhi mkihubiriana bila mtafsiri!"

Kichwa cha Ndegwa kikachomoza polepole chini ya mlango.

"We ni achia?"

"Ni achia," Dalmas akasema kwa sauti ndogo.

"Ngai," Ndegwa akamwita Mungu kwa lugha ya kwao.

Dalmas alimgeukia Mama Apiyo kwa hasira iliyokuwa inatafuta pa kukaa. "Na kwa nini hukusema, Mama?"

"Sikusema? Saa tatu nilifungua mdomo. Ukaniambia breki ina lugha yake, si kila mtu anaielewa."

Dalmas aliweka mikono juu ya usukani. Ile sentensi aliijua. Alikuwa ameitumia sana, mara tatu kwa mtu mmoja. Aliitazama pedali, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akajua ni kitu gani Dorca alikuwa anakingoja kule Pap Onditi. Hakikuwa kitu cha kununua. Kilikuwa kibaya zaidi, kilikuwa cha kusema.

"Sasa tufanye namna gani?" akauliza, na Mama Apiyo alikiri baadaye kwamba hakuwahi kusikia swali kutoka kwenye mdomo huo.

"Rahisi. Kutoka sasa mpaka gurudumu la mwisho, 'we' imeokoka, imekuwa Kiswahili. Ukiisikia, kanyaga kufa kupona. Ukitaka kuachia, ngoja mimi niseme amina."

Ndegwa akaenda kuleta chupa nyingine ya oili. Na ndivyo ilivyokuwa. "We!" Ndegwa akasema chini, Dalmas akakanyaga. Oili ikatoka, kiskurubu kikafungwa. "Amina," akasema Mama Apiyo, Dalmas akaachia. Gurudumu la nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele. Zaidi ya mara hamsini. Mwanzoni mguu ulisita kama mwanafunzi aliyehamishwa shule. Kufikia gurudumu la tatu haukuhitaji kufikiri tena. Mapovu yakapungua, yakawa machache kama waumini wa ibada ya alfajiri, yakaisha. Pedali ikawa ngumu kama kisigino.

*

Jumamosi walikwenda wawili. Ndegwa alivaa koti na kumpakata jogoo wa kuomba radhi; alikwenda kama shahidi wa kazi na pia, alisema, kwa sababu hawezi kutazama jambo kama hili kwenye video tu.

Lango la Bibi Adongo lilikuwa wazi. Wazee walikuwa wamechora mstari wa jivu chini, kutoka nguzo hadi nguzo. Nyuma ya mstari, kwa mbali, jiko lilikuwa limekandikwa upya, udongo bado mbichi. Na kando ya nguzo, mwiko mkononi, alisimama Bibi Adongo mwenyewe, macho yake mapya yameelekezwa barabarani kama ya askari wa trafiki.

"Usiongeze mafuta," Ndegwa akanong'ona.

"Sijaongeza."

"Honi pia usipige."

Pikapu ikaanza kuteremka. Dalmas akagusa breki kidogo, ikajibu. Akagusa tena. Ilikuwa inapunguza mwendo kistaarabu, kama gari la mtu mwenye akili, na ingesimama taratibu kabisa kwenye jivu. Lakini Bibi Adongo hakujua hayo. Alichoona ni pua ile ile ikija kwa mteremko ule ule, na sufuria nyingine ikiwa jikoni. Akainua mwiko, akapiga ukemi wa Dholuo uliosikika sokoni:

"We! We! Weee!"

Yaani acha, usije, rudi ulikotoka.

Mguu haukungoja tafsiri. Ulikanyaga kufa kupona. Magurudumu yote manne yakashika kwa mpigo, vumbi likapanda, Ndegwa akabusu kioo, jogoo akatoka dirishani kwa mabawa, akapita juu ya mstari na kutua katikati ya boma. Pikapu ilikuwa imesimama. Iliyumba mara moja mbele, mara moja nyuma, ikatulia.

Mzee Mathews alitembea kwa heshima zote, akapima. Hatua mbili kutoka kwenye jivu.

"Imesimama," akatangaza. "Kwa breki zake."

"Lakini jogoo ameingia," mzee mmoja akasema. "Huyo ameingia kwa niaba ya nani?"

"Huyo analiwa," Mzee Mathews akahukumu, na kesi ikafungwa. Akainama dirishani. "Mkwe, karibu. Shuka."

"Siwezi," Dalmas akasema, jasho linamtoka, mguu umenyooka kama mlingoti. "Maro amesema we."

Mzee Mathews alimtazama Ndegwa apate maelezo. Ndegwa alikuwa anapapasa paji la uso.

Ndipo Dorca akaja. Hakuwa amebeba mkoba. Aliuzunguka ubavu wa pikapu, akachungulia chini zile paipu za shaba, akainuka, akaegemea dirisha la mumewe. Alipoongea aliongea Kiswahili, ili na Ndegwa awe shahidi.

"Baba Sydney. Nani alikuambia hii breki ni laini?"

Dalmas alikuwa ametayarisha hotuba. Aliiandika Ijumaa usiku kwa zile kalamu mbili, yenye utangulizi, na neno "mawasiliano" mara nne. Yote ikamtoka. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa amemwambia mara tatu, akiwa na pedali chini ya mguu wake mwenyewe, mara mbili kwa wiki, barabara nzima ya Usenge.

"We," akasema.

Dorca hakucheka. "Hiyo ni Kiswahili ama Dholuo?"

Swali lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kwa Kiswahili, mtu alikuwa amekiri. Kwa Dholuo, alikuwa amemwambia mkewe aachane na hayo maneno. Wazee walisogea. Hata Bibi Adongo alishusha mwiko.

"Kiswahili!" Dalmas akasema haraka. "Kiswahili, Mama Sydney. Cha mtihani kabisa. Wewe ndiye uliniambia. Mara tatu. Na mimi sikuelewa lugha."

Dorca alimtazama kidogo, kisha akamwita mdogo wake alete ule mkoba.

"Songa huko," akasema, akifungua mlango. "Hii gari naiingiza mimi."

Dalmas alisogeza kiuno, akasogeza bega, akamsogeza na Ndegwa. Mguu ulibaki pale pale.

"Toa mguu."

"Naujaribu."

"Baba Sydney." Dorca alimgusa goti, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamwambia neno kwa upole, kwa lugha ya kwao. "We."

Mguu ukazidi kukanyaga.